HISTORIA YA MCHAKAMCHAKA WETU



Katika kitabu hiki cha miaka kumi wenzangu wameshaandika habari za hisa, mikopo, mfuko wa jamii na miradi yetu. Katibu na mweka hazina wameeleza hesabu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kwa hiyo mimi nimepewa kazi ya kujibu swali moja ambalo kila mgeni hutuuliza: Nyie akina mama ni kikundi cha kuweka na kukopa, sasa kila Jumamosi alfajiri mnakimbia barabarani mnatafuta nini?

Swali ni zuri na lina historia yake. Nitaieleza tangu mbali kidogo, kwa sababu jambo hili halikuanza na sisi.

1. TULIKOTOKA

Wengi wetu wenye umri wangu tulisoma shule ya msingi kwa sababu ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo lilisema watoto wote waende shule, na ilipofika mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, ikaanza kazi. Kabla ya hapo huku kwetu mtoto wa kike alikuwa wa kuchunga ndama, kubeba mdogo wake mgongoni na kusubiri kuolewa. Sisi tukaingia darasani. Madawati yalikuwa machache na baridi ya Mbulu mnaijua.

Dawa ya ile baridi ilikuwa mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya namba na kufagia, shule nzima tunakimbia kwa mistari, wakubwa mbele, wadogo nyuma, mmoja anaanzisha wimbo na wengine tunaitikia. Vumbi jekundu, miguu peku. Hakuna aliyeuliza nani ana viatu na nani hana, kwa sababu karibu wote hatukuwa navyo. Mtoto aliyeamka analia kwao kwa sababu hakuna uji, akifika kwenye wimbo wa tatu amesahau kulia. Njaa ipo pale pale ila kulia kumekwisha. Watoto tuliliona jambo hilo bila kulijua jina lake.

Kwenda kwa miguu kwa pamoja ilikuwa pia lugha ya nchi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, na vijana wa sehemu nyingi nao wakatembea kuliunga mkono Azimio.

Na wakongwe watakumbuka ya zamani zaidi. Akina mama wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya kutoka pamoja na kuandamana nchi ikiharibika, kwa mfano mvua ikikatika. Wabarbaig nao wana baraza la wanawake linalokaa nje, na mwanaume aliyemkosea mama anaweza kutozwa faini ya ng'ombe. Kwa hiyo anayesema kwamba wanawake kutoka nje pamoja ni mambo ya kuiga mjini, huyo hajaulizia kwa bibi yake.

Lakini tuseme kweli yote. Ilikuwepo pia desturi ya kumtenga mtu. Kwa Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto, au mjane, aliingia katika hali inayoitwa meeta. Hachangamani na watu, anakaa kwake muda mrefu mpaka utakaso. Wazee walikuwa na sababu zao, waliogopa msiba na ugonjwa visihame nyumba hadi nyumba. Lakini mama mwenyewe alibaki ndani na mawazo yake, na mawazo hayana mlango. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana, ila nimeona wanawake wengi wanaojitenga wenyewe bila kutengwa na mtu. Nitarudi kwenye neno hili.

2. WATU WA KWETU WALIOKIMBIA

Wilaya zetu zimetoa wakimbiaji kama vile nyingine zinavyotoa mpunga. Nitawataja watatu tu.

Wa kwanza ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, hewa ni nyepesi, misuli ikamkaza. Halafu katika kusukumana njiani akaanguka, goti likaumia vibaya na bega pia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, watu wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Watu wengi wanaishia hapo. Mimi napenda kuendelea mbele kidogo. Mwaka 1970, miaka miwili tu baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepata siku mbaya, akaimaliza siku yake mbaya, akarudi kazini.

Wa pili ni Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu wakati ule Karatu ikiwa ni sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, alishika mbele tangu mwanzo hadi mwisho wa mita 1,500 na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka 1975 akavunja na ya maili moja. Dunia nzima ikasubiri Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Miaka minne anajiandaa, na mbio hazipo! Angeweza kukaa Tanzania analia maisha yake yote na tungemwelewa. Badala yake aliingia mbio nyingine, za kuruka viunzi na maji, na mwaka 1980 huko Moscow akapata medali ya fedha. Baadaye akajenga shule.

Wa tatu ni Gidamis Shahanga wa huku Hanang. Jina lake tu linakuambia ni mtu wa Kibarbaig. Alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na mwaka 1982 huko Brisbane akashinda mita 10,000.

3. NA WANAWAKE JE?

Hapa ndipo mwanachama mmoja alipowahi kunikatiza kwenye mkutano: "Mama Mwenyekiti, hao wote ni wanaume. Wenyewe hawakuacha sufuria jikoni."

Alisema kweli. Mwaka ule Akhwari anachechemea Mexico, mwanamke hakuruhusiwa kukimbia marathoni ya Olimpiki popote duniani. Mbio ndefu kuliko zote kwa wanawake pale Mexico zilikuwa mita 800. Wakubwa wa michezo walidhani mwili wa mwanamke utavunjika. Eti mwili unaobeba mimba miezi tisa na debe la maji kichwani kupandisha mlima! Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, huko Los Angeles.

Hata hivyo wanawake wa Tanzania hawakusubiri. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, Theresia Dismas alileta medali ya fedha kwa kurusha mkuki. Mwaka 2017 yakaanza Dar es Salaam mashindano ya riadha ya wanawake peke yao, na mkimbiaji wetu wa zamani Juma Ikangaa alikuwa mmoja wa waliosimama nayo. Na tarehe 24 Septemba 2023 huko Berlin, Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Sasa rudini nyuma muangalie muda wa mshindi wa wanaume wa mwaka 1968. Ni kweli Mexico kuna hewa nyepesi na viatu vya siku hizi ni vingine, lakini hesabu ni hesabu: dada yetu ametumia muda mfupi kuliko bingwa yule.

Siku niliposoma hesabu hii mbele ya kikundi, bibi yetu mmoja wa zaidi ya miaka 70 alisimama akapiga vigelegele.

4. KIKUNDI KILIPOANZA

Tulianza mwaka 2015 chini ya mti, wanawake wa pande zote mbili, Mbulu na Hanang, Wairaqw, Wabarbaig, Wanyiramba na wengine. Mtindo wetu wa sanduku lenye kufuli tatu na kununua hisa haukubuniwa hapa. Mtindo wa namna hii ulianzia kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika. Haba na haba hujaza kibaba.

Miaka miwili ya kwanza sanduku lilikwenda vizuri lakini wanachama hawakwenda vizuri. Kulikuwa na ugonjwa ambao haupimwi zahanati. Mama anakuja mkutanoni, ananunua hisa moja, anakaa pembeni, ukimuuliza habari anasema, "Mimi ni wa kufa tu." Mwingine alikuwa amechukua ile mikopo ya kausha damu mahali fulani, wakachukua kitanda na masufuria, akaona aibu hata kupita dukani. Mwingine mume alimwacha akaoa mbele. Mwingine mazao yalikauka. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli, hakuna aliyekuwa anadanganya. Ila kila mmoja alijiona ni yeye peke yake duniani.

Hilo ndilo ninaloita kujihurumia. Msinielewe vibaya. Huzuni si kosa. Mtu akiumia lazima aumie. Kujihurumia ni pale ambapo mtu ameshalia, machozi yamekwisha, lakini anakaa pale pale analinda jeraha lisipone kwa sababu ndilo jambo pekee alilobaki nalo. Ni meeta ya kujiwekea mwenyewe. Na kwa kikundi kama chetu ina hasara ya shilingi kabisa: anayejihurumia harejeshi mkopo, haoni biashara, na siku ya kugawana anaona wenzake wamemwonea.

5. JUMAMOSI YA KWANZA

Mwezi wa Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza kwamba kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, kwa sababu ya magonjwa kama sukari na shinikizo la damu. Sisi tulisikia redioni. Mwanzoni mwa mwaka 2017 mhudumu mmoja wa afya alikuja kutupima presha, na wengi zilikuwa juu. Akatueleza kwamba mtu mzima anatakiwa kufanya mazoezi ya kutoa jasho angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano.

Hapo palizuka ubishi mkubwa. Akina mama walisema, "Sisi tunalima, tunachota maji, tunabeba kuni, mazoezi gani tena? Hayo ni ya wanaokaa kwenye viti ofisini." Hoja hii ina uzito na sikuidharau. Ni kweli jembe ni kazi ya mwili. Lakini hebu fikirini. Ukilima uko peke yako na mawazo. Ukichota maji una ndoo kichwani, shingo imekaza, unawaza watoto na deni. Mwili unafanya kazi na roho imebeba mzigo wake mwingine. Ni lini mama wa huku anatembea bila kubeba kitu, mikono mitupu, na mwenzake pembeni? Hakuna siku.

Tukakubaliana: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mkutano, tunatoka. Hakuna ndoo, hakuna kuni, hakuna faini kwa asiyekuja. Walikuja saba. Kanga zimefungwa kiunoni juu ya suruali za watoto wao, wengine raba, wengine yeboyebo. Tukatembea, tukaanza kukimbia kidogo kidogo, halafu mmoja akaanzisha wimbo wa mchakamchaka wa shuleni. Kumbe wote tunaujua! Tulicheka hadi tukasimama.

Wanaume waliokuwa kwenye kilabu cha pombe walisema wamama wamekosa kazi. Vijana wa bodaboda walipiga honi. Baba mmoja alimkataza mke wake, akasema ni aibu mtu mzima kurukaruka barabarani. Hatukugombana naye. Tulibadilisha njia tukapita mbele ya nyumba yake, tukaamkia kwa heshima, "Shikamoo baba," tukaendelea. Baada ya wiki kadhaa mwenyewe alimwambia mkewe, "Wenzako wamepita, unangoja nini?"

Ilipofika mwisho wa mwaka karibu kikundi kizima kilikuwa kinatoka. Wasioweza kukimbia wanatembea. Wazee wananyoosha viungo. Tukifika uwanjani tunaruka kamba na kucheza rede kama wasichana.

6. KILICHOBAKI

Njiani ndiko ilikozaliwa kanuni yetu. Watu wawili wawili wanaongozana. Kila mmoja anamweleza mwenzake jambo moja lililomwumiza wiki hiyo. Mwenzake hasemi pole nyingi wala hatoi hotuba. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza swali moja tu: "Kimebaki nini?"

Haulizi "nini kizuri." Wakati mwingine hakuna kizuri. Lakini kuna kilichobaki. Yule mama wa kausha damu alipoulizwa mara ya kwanza alikaa kimya kilometa nzima. Halafu akasema: "Imebaki cherehani, kwa sababu ilikuwa kwa dada yangu." Wiki iliyofuata kikundi kilimkopesha fedha ya kitambaa cha sare za shule. Deni lake halikufutika siku ile, alilipa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Lakini aliacha kujificha, na mtu asiyejificha anaweza kufanya biashara.

Mimi naona ndivyo ilivyokuwa kwa Akhwari pia. Goti lilikuwa limeumia kweli na mshindi alikuwa ameshapatikana. Kilichobaki ilikuwa barabara, na mguu mmoja mzima. Bayi alibaki na mapafu yake na mbio nyingine ambazo hakuwa amezijaribu vya kutosha. Mtazamo mwema maana yake kuhesabu kwa uaminifu, kama tunavyohesabu sanduku mbele ya watu wote. Hasara inaandikwa, na kilichopo kinaandikwa. Mhasibu anayeandika hasara peke yake amekosea, na anayeandika faida peke yake ni mwizi.

7. KATESH

Kanuni yetu ilipata mtihani tarehe 3 Desemba 2023. Siku hiyo, Jumapili alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimomonyoka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia za mito hadi Katesh, Gendabi na vijiji vingine. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao. Mlima tunaouangalia kila asubuhi, mlima wa mita 3,400 na zaidi unaotupa mvua, ndio uliofanya hivyo.

Mwenzetu mmoja alipoteza ndugu zake. Mfuko wa jamii ulifunguliwa siku hiyo hiyo, tukapeleka unga, blanketi na sufuria. Jumamosi zile hatukukimbia. Na lilikuja swali zito: je, huyu naye tumuulize kimebaki nini?

Tulikaa tukazungumza, tukakubaliana hapana. Swali lile ni la anayetembea, siyo la aliyelala chini ya msiba. Mtu anayetoa mtazamo mwema kwa mfiwa kabla hajaombwa anajifariji mwenyewe. Kwa hiyo wanachama wawili wawili walikuwa wanakwenda kwake kwa zamu, wanachota maji, wanakaa. Hakuna aliyemwambia usilie. Hakuna pia aliyemwacha peke yake, maana hiyo ndiyo sehemu ya desturi ya zamani tuliyoamua kutoirudia.

Mwezi wa pili alikuja mwenyewe, hatukumwita. Alisimama kwenye mstari akasema: "Nimechoka kuambiwa pole. Nataka kutembea." Tukatembea naye. Siku hiyo hatukuimba. Tulipofika kona ambapo mlima unaonekana wote, alisimama, akauangalia muda mrefu, akageuza uso, akaendelea mbele. Wimbo alikuja kuuanzisha yeye, baada ya miezi mingi.

8. TULIPO SASA

Mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu wa kwa jirani zetu Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, akilingana muda na mwenzake wa Ujerumani hadi sekunde, wakatenganishwa kwenye mstari. Tulishangilia sana. Lakini sisi si wa medali. Sisi ni wa kumaliza wiki.

Sisemi kwamba kukimbia kunaponya kila kitu. Wapo wanachama wenye presha ambao bado wanakunywa dawa, na lazima wanywe. Yupo aliyezidiwa na mawazo tukamsindikiza hospitali, na huko ndiko alikopata nafuu. Mwenye mwili mgonjwa au mjamzito aulize kwanza kwa mhudumu wa afya. Na mume anayepiga haponywi na mchakamchaka wa mke wake, huyo anapelekwa kwenye sheria.

Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo na nimekiona kwa macho: mtu anayetoka nje asubuhi, akatembea na mwenzake mikono mitupu, akasema lake, akaulizwa kilichobaki, huyo hurudi nyumbani na matatizo yale yale lakini yeye siyo yule yule.

Kwa miaka kumi inayokuja naomba mambo matatu. Kwanza, wasichana wetu waje Jumamosi, wasiachiwe kazi za nyumbani ili mama akimbie. Pili, kila mwanachama ajue nyumba ya mwanachama aliyekosa Jumamosi mbili, na apite kumwona. Tatu, wilaya zetu ziwe na viwanja ambavyo mwanamke anaweza kufanya mazoezi bila kupigiwa honi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumamosi saa kumi na mbili. Msichelewe.

Ni mimi mama yenu,
Mwenyekiti wa Kikundi